Koti la Karatasi

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2024, saa moja kasoro dakika kumi jioni. Saa hiyo nilishuka ngazi kwenda kununua selotepu. Nilishuka nikiwa mtu aliyefiwa. Niliporudi juu, sijui niseme nilikuwa nani.

Jina langu Mbarak, mtu wa Unguja. Nimekaa Guangzhou, China, miaka kumi na moja, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya saba, nikinunua bidhaa na kuzisafirisha nyumbani. Sikusoma sana. Naeleza polepole, kama ilivyokuwa.

Mdogo wangu Rahim alipotea baharini tarehe tisa Mei. Alikuwa akiongoza safari za kayaki kwenye pwani ya kaskazini ya nchi hii, mbali sana, kusiko na mji wala taa. Kayaki ni chombo chembamba cha plastiki. Unakaa ndani miguu imenyooka, unapiga kasia huku na huku. Watalii hulipa ili wasafiri hivyo siku tano, wakilala kwenye fukwe za mawe.

Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Nilikwenda kiwandani kununua kayaki kumi za hoteli moja ya nyumbani, Rahim niliyekwenda naye akazijaribu kwenye bwawa lao, mwenye kiwanda akamwona. Akasema ana rafiki yake kaskazini anatafuta mtu wa namna hii. Rahim akaniangalia. Nikamwambia, "Nenda."

Alinitumia ujumbe wa sauti mmoja tu. "Kaka, maji ya huku yanauma mpaka mifupa. Ninunulie koti la maana." Nikamjibu kwamba kiangazi kinakaribia, avumilie.

Siku ya tatu ya safari ukungu ulishuka. Watalii wote sita walifika ufukweni. Kayaki yake ilikutwa imepinduka. Yeye hakuonekana.

Mama hakukubali. Alinipigia simu kila siku.

"Umemwona?"

"Bado, mama."

"Basi msimsalie. Mwanangu hasaliwi ghaibu na hamjaniletea hata kiatu chake."

Swala ya ghaibu ni ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo. Nassor, mfanyabiashara wa Dar anayetuongoza kwenye swala hapa mtaani, aliniuliza mara tatu kama tuisali. Mara tatu nilisema tungoje. Kwa hiyo Rahim alikaa miezi mitatu bila kaburi na bila swala. Hilo ndilo lililonikaa kifuani. Mengine yote yalikuwa yameshakufa ganzi.

Jioni hiyo ya Jumamosi mtaa mzima ulinuka moshi. Ni siku ya Wachina ya kuchomea wafu vitu vya karatasi, ili viwafikie huko waliko. Chini ya jengo letu kuna duka la vifungashio la mama mmoja wa Kichina. Tunamwita Ayi, yaani shangazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ndoo ya chuma yenye moto.

"Laoban, selotepu tena?" alisema. Hapa kila mfanyabiashara ni laoban, bosi, hata asiye na kitu. "Hivi unazifungia maboksi au unazila?"

"Nazifungia, Ayi."

"Zamani ungecheka." Akageuza karatasi motoni. "Mdogo wako, bado?"

"Bado."

Alitupa karatasi nyingine motoni. Kisha akasema, "Aliyefia majini, akakosa kaburi, hapelekewi kitu na mtu. Anabaki na baridi yake."

Akatoa kwenye mfuko koti la karatasi. La buluu. Vifungo vimechorwa.

"Sitaki pesa. Andika jina lake, nikuchomee."

Najua dini yangu. Najua jambo lile si letu. Lakini alikuwa ametaja baridi, na mimi nilikuwa nimeombwa koti.

Nikatoa mfukoni kalamu yangu nene ya wino mweusi. Mkono ukafanya ulichozoea. Kila boksi ninalofunga naliandika namna moja: juu jina la mpokeaji, chini jina langu, jengo, ghorofa ya saba, chumba 703, namba ya simu. Mzigo ukikosa njia, urudi kwangu. Mzigo usio na anwani ya mtumaji hupotea ghalani. Hilo analijua kila mtu wa kazi hii.

Ayi alilitia koti motoni. Likajikunja kama mtu anayejikunyata. Ndipo akauliza.

"Mbona maandishi mengi hivyo?"

"Anwani."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alitumbukiza koleo ndani ya ndoo. Alichelewa. Alitoa majivu matupu.

"Jina la mfu tu!" alininong'oneza kwa hasira. "Jina lake tu, basi. Nyumba ya aliye hai haiandikwi!"

"Kwa nini?"

"Panda juu. Funga mlango."

Akashusha mlango wa chuma wa duka. Selotepu sikupata.

Usiku ule hapakuwa na kitu.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa nimetoa salamu ya Magharibi, bado nimekaa kwenye msala. Jengo letu halina lifti, kwa hiyo tumezoea kusikia nyayo za watu. Hizi zilikuwa za miguu mitupu. Miguu iliyoloa.

Chwa... chwa... chwa...

Ghorofa ya tatu. Ya nne. Hewa ya chumba ikapoa. Harufu ya mwani na chumvi ikaingia kupitia chini ya mlango. Guangzhou hainuki bahari. Ya sita...

Zikasimama mlangoni pangu.

"Kaka."

Niliweka jicho kwenye kitundu cha mlango. Alikuwa Rahim. Maji yalimtiririka kwenye nywele, kidevuni, vidoleni. Alikuwa amevaa koti la buluu. Lilikuwa la karatasi, lenye vifungo vya kuchora. Mwili wote ulichuruzika, ila koti lilikuwa kavu.

"Limefika," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyekabwa na mafua. "Kifuani kuna joto kidogo. Miguu bado."

Nikashika komeo.

"Usifungue, kaka. Siko peke yangu."

Ndipo nikatazama nyuma yake.

Ngazi zilijaa watu.

Kila kidato mtu, mpaka chini, mbali, kuliko urefu wa jengo lenyewe. Wengine walivaa majaketi ya kuelea. Wengine walivaa nguo za kuvulia samaki za zamani sana. Mwanamke mmoja alikuwa na kiatu kimoja. Wote waliutazama mlango wangu.

"Wameisoma anwani," Rahim alinong'ona. "Huko tuliko haijawahi kufika anwani."

"Wanataka nini kwangu?"

"Kila mmoja anataka mtu wake aseme kwamba amekufa."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Sema, kaka."

Nilikaa chini, mgongo mlangoni. Maji yalipita chini ya mlango, msuli niliovaa ukaloa. Yalikuwa yanauma mpaka mifupa. Nikampigia mama. Kwao ilikuwa mchana.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

Akavuta pumzi. "Yuko wapi?"

Nilitaka kumwambia yuko mlangoni. Nilitaka kusema chochote kingine.

"Amekufa, mama. Rahim amekufa."

Nilisikia kuku wa jirani upande wa pili. Kisha mama akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Alilisema mara mbili. Kisha akauliza, "Amevaa?"

"Amevaa koti."

"Alhamdulillahi. Basi msalieni mwanangu."

Nyuma ya mgongo wangu kitu kilishusha pumzi, ndefu... Nyayo za mtu mmoja zikaanza kushuka.

Za mmoja tu.

Nilimpigia Nassor aje tu, akafika baada ya nusu saa na wenzetu wanne.

"Ngazi zimeloa kutoka chini mpaka kwako," alisema akipangusa viatu. "Bomba limepasuka na wewe umekaa tu kama sultani?"

Aliponiona uso akaacha utani. Nikamwambia, "Tumsalie." Chumba changu ni kidogo, maboksi yamejaa, tukaacha mlango wazi. Tulikuwa watu sita, Nassor mbele, sisi watano nyuma yake katika safu moja. Takbira nne, hakuna kurukuu wala kusujudu. Akatoa salamu kulia. Akatoa kushoto. Akageuka kututazama, na macho yake yakapita juu ya mabega yetu.

"Wale wengine wamekwenda wapi?"

"Wengine gani, Nassor?"

"Safu za nyuma. Takbira ilikuwa ikiitikiwa mpaka barabarani."

Tukatazama nje ya mlango, ukumbini. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na alama za nyayo za maji, miguu miwili miwili, bega kwa bega kama watu waliojipanga kusali. Safu nyuma ya safu, mpaka kwenye ngazi, na ngazini pia.

Nassor anasema ni majini waliochukua sura ya ndugu yangu, na kwamba nitubie ile karatasi. Nimetubia. Ayi, nikienda dukani, ananipa selotepu bila kunitazama. Wenzangu wananiambia nihame. Rahim sijamsikia tena tangu jioni ile. Lakini wale wengine hawajaondoka. Kila Magharibi ngazi huloa, na mimi siwezi kuwasaidia, maana sijui ni wa nani. Siogopi. Sihisi mengi siku hizi.

Ewe Mola, msamehe Rahim. Mpanulie kaburi lake, hata kama ni bahari, na umpe joto miguuni. Na hawa waliosimama ngazini mwangu, mimi siwajui, Wewe unawajua kwa majina yao na majina ya mama zao. Hukumu yao ni Yako. Wape watu wa kuwataja. Amin.