Hati Arobaini za Alton

Verdell Gaskins alikuwa jikoni akikaanga kamba wa kula na uji mzito wa mahindi. Juu ya kichwa chake, dari ilikuwa na doa la maji kubwa kama sinia. Tangu kimbunga cha mwaka jana, paa lao lilifunikwa turubai la buluu. Sasa kampuni ya bima ilikuwa imeandika barua: ezekeni paa jipya kabla ya Septemba, la sivyo mtafute bima kwingine.

Pesa za paa zilikuwepo, dola elfu kumi na mbili. Alton, mumewe, aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja na kuziweka kidogo kidogo. Asubuhi hiyo alikuwa mezani na kompyuta, akitabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Verdell aliuliza.

"Nanunua viwanja, mke wangu. Arobaini. Mnada unafungwa kesho asubuhi."

Huku kwetu Florida, mtu asipolipa kodi ya ardhi, wilaya huliuza deni lake mnadani kwenye mtandao. Mnunuzi hulipa kodi hiyo, akapewa hati. Mwenye ardhi akilipa, mnunuzi hurudishiwa pesa yake na riba. Alton alijifunza haya kwenye video ya kijana mmoja mwenye miwani ya jua. Kijana alisema riba ni asilimia kumi na nane, na asiyelipa unamchukulia nyumba. Alisema nusu ya mambo, na nusu hiyo ndiyo inayowaumiza watu. Mimi vijana wa namna hiyo wananikera.

Mara Bi Idella, jirani yao, aliingia kwa mlango wa nyuma kurudisha sahani. Alifanya kazi ofisi ya kodi ya wilaya miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Aliitazama kompyuta, akavuta kiti.

"Alton, hapa hununui kiwanja. Unanunua deni. Ukiwa na hati hiyo huruhusiwi kukata hata jani pale. Na ukienda kumgongea mwenyewe mlango umdai, unavunja sheria."

"Lakini asilimia kumi na nane, Bi Idella!"

"Hiyo ni ya kuanzia. Mnada huu unashuka. Anayekubali riba ndogo zaidi ndiye anayeshinda. Wewe umeomba ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi utashinda zile tu ambazo makampuni makubwa hayazitaki. Umekwenda kuviona viwanja?"

Alton alitikisa kichwa. Mtu aliyekagua magurudumu ya basi kila alfajiri alikuwa hajatazama hata kiwanja kimoja.

Walipanda gari la Alton wote watatu. Kiwanja cha kwanza kilikuwa mtaro wa maji ya mvua, kati ya nyua mbili, upana wake kama kitanda. Kobe mmoja alikuwa ameketi katikati.

"Mpangaji wako huyo," Verdell alisema.

Cha pili kilikuwa kwenye kinamasi, hakina njia, na kibao kilionya kuna mamba. Cha tatu kilikuwa kituo cha mafuta kilichoungua. Udongo wake ulinuka petroli.

"Nani atalipa kodi ya hapa?" Bi Idella aliuliza. "Hakuna. Miaka saba ikipita, hati inakufa na pesa yako inakufa nayo. Ukitaka kiwanja chenyewe kiuzwe, unalipa kwanza madeni mengine na ada. Asipotokea mnunuzi, mtaro unakuwa wako, na kodi yake pia."

Verdell alimgeukia mumewe. "Umeomba hati za pesa kiasi gani?"

"Zote."

"Zote zipi?"

"Za paa."

"Ulipanga kuniambia lini?"

"Nikishapata." Sauti ya Alton ilikuwa chini. "Kila mvua ikinyesha nakuona unatega sufuria. Nilitaka nikupe paa, na jiko jipya pia. Nimekosa, Verdell."

"Umekosa kwa kunificha," mkewe alisema. "Hilo ndilo linaloniuma."

"Mtagombana baadaye," Bi Idella alisema. "Mnada haujafungwa. Maombi bado yanafutika. Twendeni nyumbani."

Verdell alisoma namba, Alton akafuta, moja baada ya nyingine, mpaka arobaini zikaisha. Pesa ya dhamana aliyoiweka mnadani ilirudi wiki chache baadaye. Mwezi wa Julai mafundi walipanda na vigae vipya, na bima ikabaki.

Mwaka uliofuata walinunua hati moja tu, ya dola mia sita na arobaini, kwa pesa ambayo hawakuihitaji upesi. Kwanza walikwenda kuiona nyumba. Ilikuwa na watu, na maua kibarazani. Kisha Bi Idella aliwaonyesha jinsi ya kuangalia ofisini kama mwenyewe amefilisika au ana madeni mengine. Waliomba riba ya asilimia tano.

Baada ya miezi kumi mwenye nyumba alilipa. Alton aliisoma karatasi mara mbili.

"Faida dola thelathini na mbili," alisema. "Miezi kumi yote hii."

"Na miezi kumi yote hii nimelala usingizi," Verdell alisema.