Picha ya Tumbo la Kibii

Kila asubuhi Jerotich hukamua ng'ombe, na mumewe Kibii hupeleka maziwa kwa pikipiki kwa wateja wao wa Kiamunyi. Mitungi hufungwa nyuma kwa mpira. Siku ile mtungi mmoja ulilegea. Kibii aligeuka kuutazama, pikipiki ikaingia mtaroni, na usukani ukamgonga tumboni.

Wapita njia walimkimbiza hospitali iliyokuwa karibu. Jerotich alipofika, alimkuta mumewe kitandani, jasho likimtoka. Daktari Nyakio alikuwa amempaka tumboni kitu chenye utelezi, na sasa alikuwa akipitisha kifaa kidogo juu yake.

"Daktari, hiyo si mashine ya akina mama wajawazito?" Jerotich aliuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo," alijibu Nyakio, macho yakiwa kwenye kioo cha mashine.

Kibii alifungua jicho moja. "Ni mvulana ama msichana?"

Jerotich hakujua kama acheke au alie.

Ndipo akaingia Weldon, kaka mkubwa wa Kibii. Katika familia yao, mambo ya hospitali huamuliwa na yeye.

"Gari iko nje," alisema. "Tunampeleka ng'ambo ya mji, kwenye ile skani kubwa inayoona mwili mzima. Ukoo umeshaongea kwa simu na umekubali. Hii hapa ni ya kuangalia watoto."

"Asiondolewe, mzee," daktari alisema.

"Kwani hutaki apone?"

"Nataka. Skani ni nzuri, lakini itatuambia nini ambacho hatujui?" Nyakio aligeuza kioo. "Hii sehemu nyeusi ni damu. Imemwagika tumboni. Presha inashuka. Anahitaji kupasuliwa sasa."

"Lakini ile ni ya bei kubwa. Kitu cha bei huwa na sababu."

"Shoka ni ghali kuliko wembe, mzee, lakini hunyolewi kwa shoka. Skani inataka umeme mwingi, fundi, na mtaalamu wa kusoma picha. Hospitali ikimaliza pesa zote hapo, ikakosa damu na daktari wa kupasua, mgonjwa atapigwa picha nzuri, kisha afe."

Jerotich aliwatazama wote wawili. Neno la mkubwa halikataliwi kwao, na ukoo ulikuwa umeamua. Mambo ya mashine hakuyaelewa vizuri. Alielewa tu kwamba damu ilikuwa inamwagika wakati watu wanabishana.

"Shemeji, unisamehe," alisema. "Abaki hapa."

Weldon alitoka nje.

Kibii alipasuliwa. Wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ulikuwa umepasuka. Waliutoa, damu ikakoma.

Kesho yake Kibii alianza kutapika, na kwa kuchanganyikiwa akamwita Jerotich kwa jina la dada yake mwenyewe. Nyakio aliita ambulensi. "Aende kwenye skani kubwa," alisema.

Weldon alikuwa kwenye benchi mlangoni. Akainuka. "Daktari, sasa umenichanganya kabisa. Jana haikufaa, leo inafaa?"

"Jana tulikuwa tunauliza habari za tumbo, na jibu tulikuwa nalo. Leo tunauliza habari za kichwa, huenda alikigonga pia alipoanguka, na hii yangu ndogo haioni ndani ya fuvu. Tena jana angeweza kufia njiani. Leo presha imetulia, na muuguzi anaenda naye."

Weldon alijikuna kidevu. "Bado sijaelewa vizuri."

"Si neno. Uliza tena."

"Nitauliza tukirudi," alisema, akapanda ambulensi na ndugu yake.

Skani haikuonyesha damu kichwani. Ubongo ulikuwa umetikisika tu, ukahitaji mapumziko. Kibii alirudi nyumbani, na baada ya muda akaanza tena kupeleka maziwa. Siku hizi husimama kwanza ndipo akague mzigo.

Juzi Weldon alipigiwa simu na binamu yake wa Mai Mahiu. Mke wa binamu huyo alikuwa amegongwa na gari. Binamu alitaka kujua ni hospitali gani yenye mashine kubwa kuliko zote.

"Amegongewa wapi?" Weldon aliuliza. "Mpeleke hospitali ya karibu yenye daktari wa dharura. Wakitaka kumpiga picha, uliza wanatafuta nini. Wakisema hakuna haja, uliza kwa nini, kisha usikilize."

Alikata simu. Kisha akampigia tena.

"Na ukoo tutauambia akishatibiwa," alisema.