Kivuli cha Mkuyu wa Sadock

Mmenichosha na kisa hiki. Nakisema leo, kisha mniache.

Jirani yangu Sadock wa Mhezi alikuwa halali usiku. Nesi akamwambia aote jua kila asubuhi, usingizi utarudi. Uani kwake jua lilizuiwa na mkuyu wa matambiko. Akachukua shoka.

“Baba Jesca, mti huo ni wa wazee!” mkewe Raheli alimlilia.

“Wazee wamelala. Mimi je?”

Akauangusha. Kesho yake kuku waliota jua ua mzima, ila kitini kwa Sadock palibaki kivuli baridi, na majani yakichakarika juu ya kichwa chake. Akatoa mbuzi wa kuomba radhi, wapi! Akakimbilia Same kwenye jua kali, kivuli kikateremka naye.

Usingizi hana bado, na jua ndilo alilotozwa. Saa sita mchana, Raheli humwashia kibatari ayaone makande sahanini.