Vidole Vinne vya Kiti

Kiti kilikuwa kimesogezwa. Si sana, kiasi cha mtu mwembamba kupita na kukaa. Mama Felisa alikirudisha mezani kwa goti akaendelea kukaanga kiporo cha wali kwa vitunguu saumu, akidhani ni paka. Asubuhi ya pili kilikuwa kimesogezwa tena, na mto wake ulikuwa umebonyea ukingoni tu, upana wa vidole vinne. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa imevimba kama kawaida. Niambieni, paka gani huyo anayekalia ukingo wa kiti na kuacha mahali pa kuegemea?

Kile kilikuwa kiti cha Jerwin, na Jerwin hakuwepo. Alikuwa kurutu wa miezi miwili katika chuo cha maafisa wa jeshi kule milimani, mwendo wa saa saba kwa basi. Huko makurutu hukalia vidole vinne vya kiti na ni marufuku kuegemea. Hupandisha kijiko wima mpaka usawa wa mdomo, ndipo wakiingize kama droo. Kona hawaikati, huigeuka kwa kisigino, ka! Yote haya aliyasimulia mwenyewe katika zile dakika kumi za simu wanazopewa Jumapili.

Na Jumapili ya mwisho ya Julai alikuwa amesema, "Mama, nataka kuacha."

"Kuacha nini?"

"Chuo. Nasaini karatasi, kesho kutwa niko nyumbani."

Mama Felisa alitazama picha ya marehemu mumewe ukutani. Alikufa akiwa bado sajini. "Mwanangu, baba yako alivipigia saluti vitoto vyenye cheo cha luteni miaka ishirini na sita. Wewe ndiye utakayepigiwa. Bango lako la pongezi bado liko getini, Kapitani, kiongozi wa mtaa, amelifunga kwa waya kabisa. Nikalifungue mimi, majirani wakitazama?"

"Mama, mazoezi nayaweza. Kuna kitu kingine." Sauti ikashuka. "Tukipangwa mstari tunajihesabu. Tuko thelathini na wawili, mimi wa mwisho. Nikishasema thelathini na mbili, nyuma yangu kuna sauti inasema thelathini na tatu. Wakubwa wananiadhibu mimi, wanasema ni mimi ninayesema."

"Hofu hiyo. Vumilia. Mvumilivu hula mbivu. Baki hapo hapo, unanisikia? Baki."

Dada yake, Rhodalyn, ambaye nyumbani aliitwa Roda, alikuwa amekuja kwa wikendi; akampokonya mama simu. Roda alikuwa mwaka wa pili wa sheria kule mjini Laoag, na kwenye midahalo hakuna aliyewahi kumshinda. "Mdogo wangu, saini! Nani kakwambia uoze huko?"

"Mama kakataa."

"Mama ndiye anayelala huko? Saini, uje."

Halafu akafanya kosa ambalo mtu wa Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, ndiye pekee angelifanya. Kwao, ukiondoka mtoni, makaburini, au popote ulipopata mshtuko, huitwa kwa jina: twende, usibaki. Huitwa hivyo ili karkarma, ile roho inayotembea na mtu, isisahaulike nyuma. Lakini anayeitwa huwa ameshainuka, mwili na roho vinaondoka pamoja. Roda aliita kwa hasira, kwenye simu, mwili ukiwa umeshaamriwa kubaki. "Jerwin! Twende! Twende nyumbani, usibaki huko!" Mara tatu.

Upande wa pili Jerwin akajibu, kama mtu aliyeshaanza kwenda mbali na simu, "Asante, dada."

Kiti kilianza kusogea Jumanne.

Ijumaa Roda alirudi nyumbani, na Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza, akasikia buti sebuleni. Hatua sita, ka! Hatua nne, ka! Akatoka. Hakukuwa na mtu. Ila katika joto lile la Agosti, ambapo hata mbwa wa jirani alikuwa amejibwaga kwenye mtaro, palikuwa na harufu ya rangi ya viatu na ya misonobari iliyolowa ukungu, misonobari isiyoota popote karibu na pale, na baridi ikampita ubavuni ikashika njia iliyonyooka kuelekea jikoni, ikageuka penye kona kwa kisigino, ikasimama mezani, na kiti kikasogea, na mto ukabonyea taratibu, ukingoni, vidole vinne.

"Jerwin?" akanong'ona.

Chini ya meza visigino viwili vikagongana. Ka!

Mama alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Usikiite jina," alisema kwa sauti ndogo. "Roda, usikiite."

"Mama, si *kitu*. Ni yeye."

Kesho yake mchana simu ikalia. Sauti ilikuwa ya Jerwin, nzito kidogo, imeshiba. "Mama, siachi tena. Nimezoea."

Mama Felisa alilia kwa furaha mpaka akakaa sakafuni. Roda akainama kwenye simu. "Na ile sauti ya thelathini na tatu?"

"Sauti gani, dada? Sisi tuko thelathini na wawili tu."

Nyuma yake, jikoni, kiti kikakwaruza sakafu.

Walimwita Apo Sabel, mganga wa mtaa wa pili, kikongwe anayetafuna tambuu na kumtukana kila mtu kwa mapenzi. Alimwaga mchele kwenye bakuli la maji, akautazama ulivyozama, akatema mate dirishani.

"Mmemgawana," alisema. "Mmoja kauambia mwili ubaki, mwingine kaiita roho ije. Mtoto mtiifu huyu, masikini. Kawatii nyote wawili."

"Na huyo anayepiga simu?" Roda aliuliza.

"Nyumba isiyo na mwenyewe haikai tupu, binti. Kulikuwa na jini limesimama nyuma yake likingoja nafasi. Mkalipa nafasi." Akamgeukia mama. "Chukua shati lake la mwisho kuvaa hapa, lisifuliwe. Mwende na roho yake mpaka kwenye mwili, umvishe, umwite. Wewe uliyemzaa. Huyu mwanasheria mdomo wake umeshafanya kazi, inatosha."

Mama Felisa alishika ukingo wa meza. "Akishavaa, ataendelea na chuo?"

"Akishavaa atakuwa Jerwin. Na Jerwin anataka kuacha."

Mama akageuka kulitazama bango la getini kupitia dirishani. Tangu hapo Roda angepaswa kujua.

Siku ya wazazi kutembelea chuo walipanda basi la alfajiri, wakaacha siti moja katikati yao. Kondakta akaja juu. "Hii nayo ni ya begi? Begi lina tiketi?"

"Kuna mtu," alisema Roda.

"Mtu gani, dada, mbona simwoni? Mchumba wako wa kwenye simu?" Akaiegemea siti. Akauondoa mkono haraka, akaupuliza kama aliyeshika barafu, na hakurudi tena upande ule mpaka mwisho wa safari.

Uwanjani familia zilikuwa zimetandika mikeka. Makurutu walikaa ukingoni mwa madawati, shingo zimekakamaa, huku mama zao wakiwalisha machozi na kuku. Jerwin alikuja akitembea polepole. Alikuwa mzuri. Alikuwa amenenepa! Akakaa benchi zima, akaegemea, akakunja nne, na waandamizi wawili waliokuwa wakipita wakilitafuta kosa lolote la kukemea wakamwona, wakanyamaza, wakazunguka mbali. Alikula soseji za siki alizochoma mama, zote, bila kutoa jasho na bila kupepesa macho.

Mama akatoa shati. Lilikuwa bado lina doa la mchuzi kifuani.

Yule kijana alilitazama, akatabasamu kwa upole kabisa. "Mama, unataka niache?"

Mama akalivuta shati kifuani kwake. Roda alisikia ubaridi umesimama begani kwake, wima, visigino pamoja, ukingoja kuitwa, na akajua kwamba hauwezi kujiita wenyewe kwa sababu umefundishwa kutosema mpaka usemeshwe.

"Mama, mvishe."

"Subiri."

"Mvishe sasa hivi! Mama, yuko hapa, anakusubiri wewe! Bango tutalifungua wote, usiku, hata mimi peke yangu. Mama. Mama, nakuomba."

Binti ambaye hakuwahi kukosa hoja alibaki na neno moja tu, na neno lenyewe ni lile analoanza nalo kila mtoto.

Mama Felisa alilikunja shati. Mikono, kola, halafu katikati, kama nguo inayorudishwa kabatini. "Ameshazoea, Roda," alisema, bila kumtazama yeyote. "Mtoto ameshazoea. Usimvuruge."

Yule kijana aliinua macho, akatazama juu kidogo ya bega la Roda, pale pale penye baridi.

"Thelathini na tatu," akasema taratibu.

Waliondoka bila mtu kuita twende. Siti ya katikati, hata hivyo, ilikuwa baridi njia nzima.

Tangu siku hiyo Roda amekiandikia chuo barua tatu, akazichana zote. Aandike nini? Kwamba kurutu wao mwenye alama za juu ana afya njema kupita kiasi? Apo Sabel hamfungulii mlango akibisha. Na Roda mwenyewe ameita, mchana na asubuhi, mpaka koo likakauka, lakini utamwita nyumbani vipi mtu aliyeshafika?

Mwanzoni mwa Desemba simu ililia wakiwa mezani. Mama aliiweka spika.

"Nimepewa likizo ya Krismasi," sauti ilisema. "Nitahitaji kiti changu."

Mama Felisa alifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. Akakigeukia kile kiti, akakisemesha kwa mara ya kwanza, kwa sauti ile ile ya mapenzi aliyokuwa akiitumia kwenye simu za Jumapili.

"Sogea, mwanangu. Vumilia kidogo. Mwenzako anakuja."

Visigino vikagongana. Na kiti, kwa utii wote kiliofundishwa, kikasogea.