Pigo la Mwisho

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kuwamba ngoma, mwanamke mbishi kama nini.

Alipokuwa mdogo, darasa lao lilipelekwa makumbusho. Nyuma ya kioo akaona ngoma kubwa isiyo na ngozi, mdomo wazi. Akagonga kioo kwa mdundo, lakini kabla ya pigo la mwisho mlinzi akamshika sikio.

"Hiyo haiguswi, mwanangu!"

"Basi nitarudi kuiwamba."

Wenzake walimcheka. Mama yake akasema mwanamke na ngoma wapi na wapi. Yeye akatia pamba masikioni, akajifunza kazi.

Mwaka jana makumbusho wakamwita aiwambe ile ngoma. Ilikuwa mchana kweupe. Akateremka ghalani, chini ya ardhi kusiko na dirisha, na ngozi iliyolowekwa begani, msimamizi akabaki mlangoni. Alipoifikia tu ile ngoma, umeme ukakatika. Giza totoro. Kilichosikika ni maji ya ngozi tu, yakidondoka sakafuni.

Mwingine angetoka. Yeye akagonga ubavu wa ngoma, mdundo ule ule wa utotoni, akaliacha makusudi pigo la mwisho.

Du!

Likaja lenyewe, zito, la ngoma iliyowambwa ikawambika.

"Dada, toka humo!" msimamizi akapiga kelele.

"Sitoki! Nimeingoja tangu utotoni. Leo itawambwa, itake isitake."

Taa zikawaka. Mdomo wa ngoma ulikuwa wazi vile vile, mtupu.

Ila ile ngozi mbichi begani mwake ilikuwa inatetemeka, kama iliyopigwa sasa hivi.