Mgeni Mmoja wa Tovuti

Maiti ililala chali kati ya cherehani mbili, utepe wa kupimia nguo umekazwa shingoni. Droo ya fedha ilikuwa haijaguswa.

"Muuaji hakuja kuiba," Inspekta alisema, akichuchumaa.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa akipaka unga kwenye ukingo wa meza ya kukatia. Dada mkubwa wa marehemu, mwenye duka, aliketi kwenye kona, macho makavu.

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Hapa? Hakuna, afande. Wateja walimpenda."

"Na kabla ya hapa?"

Alisita. "Mumewe. Fundi magari. Alimpiga mpaka akampasua sikio. Mdogo wangu akatoroka, akaja kwangu."

"Mume anajua duka lilipo?"

"Hata mama mzazi hatukumwambia."

Juu ya meza kulikuwa na kompyuta imewashwa. Kwenye kioo, marehemu alikuwa akicheka, sindano mkononi.

"Hii nini?"

"Tovuti yetu. Ilikuwa imelala, simu hailii. Nikamwita kijana wa mitandao aipime kama inafaa. Akasema, mtu hamwachii nguo yake fundi asiyemjua sura, wekeni picha. Tukaweka. Wageni wa tovuti wakaongezeka, nikamshukuru Mungu."

"Marehemu alikubali picha?"

"Alikataa. Nikamwambia, mdogo wangu, usinizibie riziki. Nani atakuona humo?"

Inspekta aliandika namba ya kijana wa mitandao.

Mchana kijana huyo, waliyemwita Waya, alifika kituoni na kompyuta kwapani.

"Tovuti ile inafaa au haifai?"

"Inafaa sana, afande! Tazama mstari unavyopanda."

"Achana na mstari. Walioingia, wangapi waliagiza nguo?"

Waya akakuna kichwa. "Kuagiza... bado."

"Wageni wote hao, hata suruali moja?"

Akabofya. Akabofya tena. Uso ukamshuka.

"Si wengi, afande. Karibu wote ni simu moja. Inaingia ukurasa wa mafundi, inakaa pale, inatoka. Bei haijawahi kuangalia."

"Hakuna ukurasa mwingine iliofungua?"

"Mmoja. Ramani ya duka. Juzi." Akaisukuma kompyuta kando. "Tangu hapo haijarudi. Afande, mimi nilidhani ni soko."

Siku mbili baadaye, kwa amri ya mahakama, kampuni ya simu ilifuata anwani ya intaneti ya simu ile, ikatoa jina la mwenyewe. Askari walimvuta fundi magari kutoka chini ya lori, mikono imejaa grisi. Alama zake zilifanana na zile za mezani.

"Mkeo ulimwona lini mara ya mwisho?" Inspekta alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

"Zamani. Alinitoroka."

"Dole gumba lako liko kwenye meza yake."

Fundi akatazama dole gumba lake.

"Ulimpataje?"

"Mteja wangu alikuwa anatafuta suti kwenye simu. Akanionyesha. Nikamwona."

"Namba ya duka iko pale juu, kubwa. Mbona hukupiga?"

"Angekimbia tena."

"Ulipofika akakataa kurudi."

"Hakukataa. Alitetemeka tu. Nikamwambia, cheka basi, kama ulivyocheka kwenye picha." Alifuta pua kwa kiganja. "Akashindwa. Nimeishi naye miaka yote ile, afande, sijapata kuliona cheko lile. Wateja wapewe, mimi mumewe ninyimwe?"

"Kwa hiyo ukamuua."

"Ndiyo. Nilimkaba. Utepe ulikuwa shingoni mwake tayari."

Inspekta alimsogezea maelezo yake atie sahihi, akatoka nje kuvuta pumzi.

Jioni alikwenda dukani. Mlangoni alisimama kidogo, akamwomba Mungu ampe la kusema. Akagonga.

"Amekiri," alisema.

"Alitupataje?"

Njiani alikuwa amefikiria kudanganya. Hakuweza. Alimweleza yote, isipokuwa habari ya cheko.

Mwenye duka alisikiliza hadi mwisho.

"Nina kosa, afande?"

"Kisheria, dada, huna."

"Sikuuliza ya sheria."

Inspekta aliizima kompyuta mezani.

"Basi niombee," mwanamke alisema. "Mimi kila nikianza, nashindwa."

Inspekta akavua kofia, akapiga magoti sakafuni.