Barakoa Moja, Pua Tatu

Daktari wa chumba cha dharura alirudi nyumbani asubuhi, hoi. Ugonjwa mpya wa mapafu ulikuwa umeingia mjini, na hospitalini hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Alikuwa ameoga kazini na kuvaa barakoa safi, lakini hofu haikumwisha. Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na pumu. Kwa hiyo daktari alilala peke yake, akala peke yake, na kila siku alipitia mlango wa nyuma.

Siku hiyo alisahau ufunguo wa mlango huo, akapitia wa mbele. Alimkuta mumewe, dereva wa lori, akitungua barakoa kwenye msumari ukutani.

"Wewe, iache!" fundi alipiga kelele kutoka ndani. "Zamu yangu hiyo! Nakwenda kununua uzi."

"Baba, jana ulishinda nayo."

"Si nimeishona mimi?"

Daktari aliduwaa. "Mnavaa barakoa moja?"

"Ni ya nyumba, kama mwavuli," fundi alisema kwa fahari. "Anayetoka anaichukua. Hata mama yako."

"Mnaifua lini?"

Mtu na mkwewe wakatazamana.

"Huwa tunaikung'uta," dereva alisema.

Daktari hakuwahi kulia kazini. Hapo machozi yalimtoka.

"Baba, nakukimbia nisikuletee ugonjwa. Kumbe unaletewa na msumari!"

Fundi alinywea. "Mwanangu, kosa liko wapi? Si tunaziba pua?"

"Mtu akiongea au akikohoa, vijidudu hutoka na mate. Vinabaki kwenye kitambaa, nawe unavuta pumzi hapohapo. Unaweza kuvaa soksi za mkweo?"

Fundi alizitazama soksi za mkwewe. "Afadhali nife."

"Basi usife. Kila mtu awe na barakoa yake. Izibe pua na mdomo. Ukishaitumia, ifue kwa sabuni, ikauke kabisa. Na madirisha yawe wazi, hewa ipite."

Jioni daktari alikuta barakoa nyingi zimeanikwa uani, zote za maua. Maua yale aliyajua. Aligeuka kutazama dirisha la sebuleni. Pazia halikuwepo.

"Nilitoka kidogo tu," mama alisema, amenuna. "Baba yako akapata nafasi."

"Si amesema hewa ipite?" fundi alijitetea. "Haya, inapita."

Baadaye dereva alishikwa na homa na kikohozi. Alipopimwa, alikutwa na ugonjwa ule. Alijitenga chumbani, chakula akawekewa mlangoni, na kila aliyemhudumia alivaa barakoa yake. Dereva alipona, na hakuna mwingine aliyeugua.

Daktari alimketisha baba yake karibu na dirisha, akampima kifua.

"Vuta pumzi, Baba. Tena." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Kifua safi." Machozi yakamtoka tena.

"Sasa unalia nini, na mimi ni mzima?"

"Ndiyo maana nalia, Baba."

"Kama ni mzima," mama alisema kutoka jikoni, "ashone pazia langu."